Karatasi Kwenye Friza

Muuguzi alikuwa na karatasi moja tu ya maelekezo, imechapwa upande mmoja, na alianza kuisoma kwa sauti palepale kando ya kitanda namba kumi na moja. Hakufika mbali. Mstari wa pili haujaisha, Fundi alinyoosha mkono.

"Imeeleweka, sista."

"Sijamaliza, baba."

"Nitaisoma mwenyewe nyumbani. Hizi kazi nazijua."

Muuguzi akamtazama mgonjwa, mke wa Fundi, naye akatazama dari. Kulikuwa na wengine watatu wa kuruhusiwa asubuhi ile na kalamu ya wodi nzima ilikuwa moja, kwa hiyo muuguzi hakubishana. Fundi akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati nyuma ya bisibisi ndogo ya kupimia umeme.

Kazi alizosema anazijua zilikuwa za friji. Miaka ishirini na mbili alikuwa akifungua migongo ya friji, akibadilisha kompresa, akijaza gesi, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kusoma kijitabu cha maelekezo hata kimoja. Alivitupa. Alisema vijitabu ni vya watu wasiojua. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe pia alimwita Fundi, ingawa kwa sauti ya mkewe hakuwahi kujua kwa hakika kama ile ni heshima au anachekwa.

Tena daktari bingwa ndiye aliyemvimbisha kichwa. Kabla ya upasuaji aliwakalisha wote wawili, akatoa uti wa mgongo wa plastiki, akaweka kidole kwenye tundu lililopita katikati ya mifupa.

"Mishipa ya fahamu inapita humu kwenda miguuni," alisema. "Kwa mama, mifupa imeota na kuziba nafasi. Ndiyo maana akisimama nusu saa miguu inawaka moto, akikaa au akiinama mbele anapata nafuu. Tutaondoa kipande cha mfupa hapa nyuma ili mishipa ipate kupumua."

"Yaani waya umebanwa na bati," Fundi alidakia. "Unakata bati, waya huugusi."

Daktari alicheka. "Hasa! Laiti kila mtu angeelewa haraka hivi."

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Tangu siku ile hakuna aliyeweza kumwambia kitu kuhusu mgongo wa mkewe. Mkewe aliuliza swali moja tu: atarudi lini kupiga pasi? Alikuwa mpiga pasi katika dobi kubwa la mashuka ya hoteli, kazi ya kusimama tangu asubuhi hadi jioni, na msimamizi wake alikuwa ameahidi kumshikia nafasi kwa miezi mitatu, siku moja isizidi.

"Miezi mitatu inatosha kabisa," daktari alisema, "ukifuata maelekezo."

"Atafuata," Fundi alijibu kwa niaba yake.

*

Njiani kurudi nyumbani alimwomba dereva wa teksi asimame kwenye bucha. "Dakika mbili tu, Mama," alimwambia mkewe aliyekuwa amejilaza ubavu kwenye kiti cha nyuma, amekumbatia mto wa hospitali.

Mwenye bucha alikuwa amehamia chumba kipya asubuhi ileile, na friza yake ililetwa imelazwa kwenye mkokoteni. Kila fundi anajua kwamba friza iliyolazwa haiwashwi hapohapo. Mafuta yamekwishatoka kwenye kompresa na kuingia kwenye mabomba; ukiiwasha umeiua. Fundi alimweleza mwenye bucha mara tatu, na mara tatu mwenye bucha akauliza, "Kwa hiyo niwashe saa ngapi?"

"Nipe karatasi nikuandikie."

Karatasi haikuwepo bucha nzima isipokuwa ile ya kufungia nyama, nayo ilikuwa imelowa. Fundi akapapasa mfukoni. Akatoa karatasi, akaikunjua, akaigeuza upande mweupe, akaandika kwa herufi kubwa. Mwenye bucha akaibandika mlangoni mwa friza kwa gundi ya utepe. Dakika mbili zilikuwa zimekuwa ishirini na tano. Fundi aliporudi kwenye teksi, mkewe alikuwa anauma pembe ya mto.

"Pole, Mama. Yule mtu haelewi."

"Ee," mkewe alisema. "Wapo watu wa hivyo."

*

Nyumbani walimkuta dada yake Fundi, mkubwa wake kwa miaka tisa, mwanamke mnene mwenye mdomo usiojua kunong'ona. Alikuja kumwuguza wifi yake na alikuja na sufuria zake mwenyewe, kwa sababu za wifi hakuziamini.

"Haya, hospitali wamesemaje?" aliuliza. "Ale nini, alale vipi, aoge vipi? Karatasi iko wapi? Siku hizi wanatoa karatasi."

Fundi aligusa mfuko wa shati. Akakuta bisibisi.

Wakati ule ilikuwa kazi ya robo saa kwenda kuichukua. Angesema, "Nimeisahau bucha," wangemcheka, mambo yangekwisha. Lakini mkewe alikuwa anamtazama, dada yake amesimama na mikono kiunoni, na yeye ndiye mtu aliyemwambia muuguzi imeeleweka.

"Ninayo kichwani," alisema. "Alale. Asisogezwe ovyo. Mwili umefunguliwa, umekatwa mfupa; unatakiwa utulie kwanza, kila kitu kirudi mahali pake."

"Kwa muda gani?"

"Wiki sita."

Hakusema uongo kwa kudhamiria. Wiki sita alikuwa amezisikia kweli. Zilikuwa kwenye ule mstari wa pili, kabla hajanyoosha mkono. Wiki sita za nini, hapo ndipo hakufika. Lakini kulala na kutulia, kwa friza na kwa mgongo, kulichanganyika akilini mwake bila ukuta wowote katikati. Kitu kilichofunguliwa kikasafirishwa huachwa kitulie. Angewezaje kuwa amekosea?

Basi mpiga pasi akalazwa. Siku ya nne alisema, "Fundi, miguu haiwaki. Umesikia? Ule moto umezimika. Naomba nifike mlangoni tu nione uani."

"Usivuruge kazi ya watu, Mama."

"Hospitali walinitembeza hadi mwisho wa wodi."

"Pale walikuwa wanajaribu mitambo. Sasa ni kutulia."

Mkewe akavuta shuka hadi kifuani. Kule wodini dawa za usingizi zilikuwa zimemchanganya, hakukumbuka vizuri nani alisema nini, na huyu ndiye aliyekuwa na karatasi. Siku ya sita aliiomba aisome mwenyewe. Fundi akasema iko karakana. Siku ya nane akaomba tena, na Fundi akasema, kwa ukali uliomshangaza hata yeye, "Huniamini?"

Kwa hiyo haja zake zote zikawa kitandani. Dada mkubwa alikuwa na beseni la bluu la chooni na beseni jekundu la kuogea, na kila mara alitangaza lipi linaingia, hadi jirani wa ukuta wa pili alijua ratiba. "Inua kiuno, wifi! Hivyo! Usione haya, mimi nimeosha watu wazima kuliko wewe." Mkewe Fundi, ambaye hakuwahi kutoka nyumbani na nguo yenye mkunjo, aligeuza uso ukutani.

Siku ya kumi na moja msimamizi wa dobi alikuja kumjulia hali. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akaongea habari za kazini, na katikati ya maneno akanyanyua miguu yake kidogo, kwa adabu, kwa sababu beseni la bluu lilikuwa uvunguni na halikuwa tupu. Alipoaga alisema, "Jitahidi, dada. Miezi inakimbia," na hakumtazama machoni.

"Amenusa," mkewe alisema mlango ulipofungwa.

"Hajanusa," alisema Fundi.

"Fundi. Amenusa."

*

Siku ya kumi na sita, dada mkubwa alikuwa anampaka mafuta miguuni aliposita.

"We mdogo wangu, njoo hapa. Huu mguu na huu ni wa mtu mmoja?"

Muundi wa kushoto ulikuwa umevimba, umekaza na kung'aa kama bilinganya, wa moto ukiugusa. Fundi alisimama akautazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama mtambo uliorudishwa na mteja.

Walipofika hospitali walipelekwa kupiga picha ya mishipa ya damu, na jibu likaja haraka: damu ilikuwa imeganda ndani ya mguu. Donge lile likichomoka likapanda mapafuni, alisema aliyepiga picha, hamtakuwa na muda wa kuita teksi. Mkewe akalazwa tena, wodi ileile, safari hii kitanda namba nne, akachomwa sindano tumboni.

Daktari aliyekuja alikuwa kijana, binti wa rika la mtoto wao wa kwanza, na nyuma yake walisimama wanafunzi watano wenye makoti meupe mapya. Alifungua faili.

"Mama, unatembea mara ngapi kwa siku?"

"Sitembei."

"Hutembei kabisa? Tangu utoke?"

"Ndiyo."

Daktari akawageukia wanafunzi, kisha akamrudia mgonjwa. "Ulipewa karatasi?"

"Nilipewa."

"Unajua kusoma?"

"Najua."

"Sasa?"

Fundi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika mkoba wa mkewe kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu: ni mimi. Mwanafunzi mmoja alikuwa anamtazama, kijana mwenye miwani, na Fundi akaanza kurekebisha zipu ya mkoba ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Niliogopa," mkewe alisema. "Niliona bora nilale."

"Mama, sisi tumekufungua mgongo saa tatu nzima ili utembee, wewe umeenda kujilaza kama malkia? Ungekufa, na lawama zingekuja kwetu." Daktari aliandika kitu kwenye faili. Wanafunzi nao wakaandika. "Tunasema tembea, mnalala. Tunasema msibebe, mnabeba. Sijui tuongee lugha gani."

"Nisamehe, daktari," alisema mke wa Fundi, mwanamke wa miaka arobaini na nane, kwa binti wa miaka ishirini na sita.

Walipoondoka, Fundi alibaki na mkoba.

"Mama..."

"Nenda kaniletee ile karatasi," mkewe alisema. Hakupaza sauti. "Popote ilipo."

*

Bucha ilikuwa imejaa. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini. Fundi alitaka kupita pembeni aifikie friza bila kuonekana, lakini mwenye bucha alimwona kabla hajavuka kizingiti.

"Fundi! Wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta! Hebu njoo uniambie, hii friza yangu ni ya namna gani? Maana imeandikwa ijigeuze ubavu kabla ya kuamka!"

Wateja wakacheka. Kwenye mlango wa friza karatasi ilikuwa bado ipo, ila gundi ilikuwa imeachia upande mmoja, mtu akaibandika upya kwa kuigeuza. Sasa maandishi ya hospitali ndiyo yaliyotazama watu. Ilikuwa na alama za vidole vya mafuta na tone la damu ya ng'ombe kwenye kona.

"Naiomba hiyo karatasi," Fundi alisema.

"Ngoja kwanza, usiondoke nayo. Unajua mgongo ulivyokuwa unanisumbua mimi kwa kukata mifupa hapa? Nimeisoma, nimeanza kutembea asubuhi, kidogokidogo. Nimekuwa mtu mpya! Acha niinakili." Akafuta mikono kwenye aproni, akachukua kipande cha karatasi ya kufungia nyama, na kwa kuwa hakuwa mwepesi wa kuandika, alisoma kila neno kwa sauti.

"Maelekezo ya mgongo. Kwa wiki sita za kwanza. Tembea. Kuanzia. Siku ya kwanza. Dakika tano, mara nne au tano kwa siku. Ongeza kila siku."

Mama mmoja aliyekuja kununua maini akasema, "Rudia hapo."

"Ongeza kila siku. Usibebe kitu kizito kuliko birika la maji. Usiiname. Usijipinde kiuno. Usikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka. Kuamka kitandani: jigeuze ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mikono." Alilamba ncha ya kalamu. "Usilale kitandani mchana kutwa. Kulala muda mrefu huleta damu kuganda miguuni. Muundi ukivimba, au ukishindwa kuzuia mkojo, au kidonda kikitoa maji, rudi hospitali siku hiyohiyo."

Ndivyo Fundi alivyosikia maelekezo ya mgongo wa mkewe kwa mara ya kwanza, yote, mpaka nukta ya mwisho, amesimama kwenye foleni ya nyama.

"Ya nani kwani?" aliuliza mwenye bucha akibandua karatasi.

"Ya nyumbani."

"Ah! Mama anaendeleaje? Bila shaka sasa anakimbia!"

Fundi akachukua karatasi, akatoka.

*

Mkewe aliisoma wodini, ameegemea mto, bila haraka. Alisoma kama anavyopiga pasi, kutoka kona hadi kona. Kisha akaigeuza, akakuta mwandiko wa mumewe.

"ISIWASHWE. ISISOGEZWE. IACHWE ITULIE SAA ISHIRINI NA NNE. FUNDI."

Mgonjwa wa kitanda cha tano alikohoa. Fundi alisubiri matusi. Alikuja amejiandaa kwa matusi, na aliyataka.

"Friza umeipa saa ishirini na nne," mkewe alisema. "Mimi umenipa siku kumi na sita."

"Mama, nisamehe. Niliona haya kusema imepotea. Kisha kila siku ikawa ngumu kuliko jana."

"Haya? Wewe ndiye uliyeona haya?" Aliikunja karatasi mara nne, palepale ilipokuwa imekunjwa. "Dada yako ameniosha nyuma wiki mbili akitangaza kwa sauti. Msimamizi wangu amenyanyua miguu. Katoto kameniuliza mbele ya watu kama najua kusoma. Na wewe umesimama pale unafunga zipu."

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Mbele ya wale watoto? Waende wakuhadithie kantini?" Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kukuaibisha ni kazi yangu, Fundi, na ningeifanya nyumbani. Sikujua kwamba na wewe ungeniachia aibu niibebe peke yangu."

Kisha akajigeuza ubavu, akashusha miguu, akajisukuma kwa mikono. Ilikuwa imeandikwa hivyo. Miguu iliyokaa siku kumi na sita bila kazi ilitetemeka kama ya ndama. Fundi alisogeza bega, naye akalishika, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kushika. Walifika dirishani. Ilikuwa hatua tisa.

*

Walitembea hivyo kila siku, kwanza uani, halafu hadi kwa jirani wa ukuta wa pili, halafu hadi mwisho wa barabara na kurudi. Dada mkubwa alipoambiwa ukweli alimtazama mdogo wake kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Na mimi nikakuamini, mjinga mimi," akaondoka na sufuria zake. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilibaki na ganzi, na sindano za tumboni zilifuatwa na vidonge vya miezi mitatu. Moto haukurudi. Lakini wiki zilizopotea hazikurudi pia, na msimamizi wa dobi alituma ujumbe kwamba nafasi itashikwa hadi mwisho wa mwezi, kwa sharti la barua ya daktari.

Siku ya kliniki walimkuta yule daktari bingwa mwenye uti wa plastiki. Alimkumbuka Fundi mara moja.

"Bwana waya! Karibu, karibu." Akafungua faili, akapitisha kidole kwenye maandishi. "Naona mama alitutia hofu kidogo. Lakini sasa anatembea vizuri. Barua nitaandika, ila itabidi niseme kazi nyepesi kwanza. Mwajiri naye ana haki ya kujua kwamba..." alisoma, "'mgonjwa hakufuata maelekezo.' Isije ikatokea tena."

Mkewe Fundi alitazama mikono yake mapajani. Alikuwa amevaa gauni lililopigwa pasi na yeye mwenyewe asubuhi ile, dakika kumi amesimama, dakika kumi amepumzika.

"Naomba hilo lifutwe," Fundi alisema.

"Lipi?"

"Hapo palipoandikwa hakufuata. Alifuata. Aliambiwa alale wiki sita, akalala, na alikuwa hataki." Sauti ilikuwa inatoka vibaya, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. "Mimi ndiye niliyemwambia. Karatasi sikuisoma. Niliigawa."

Daktari aliweka kalamu. Hakucheka safari hii. Muuguzi aliyekuwa anapanga faili kwenye kona aliinua kichwa. Alikuwa yuleyule wa kitanda namba kumi na moja.

"Faili halifutwi, mzee," daktari alisema mwishoni. "Linaongezwa. Niandike nini?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe hakumsaidia.

"Andika," alisema, "mume hakusoma."

Daktari akaandika. Haikuchukua muda; yalikuwa maneno mawili. Akamaliza na barua ya kazini, akagonga mhuri, akaita anayefuata.

Koridoni mkewe alitangulia. Alikuwa anatembea wima, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo tu. Fundi alimfuata hatua mbili nyuma, ameshika mkoba wa mkewe. Karibu na mlango wa nje mkewe alisimama, akamngoja.

"Ameandika kweli?"

"Ameandika."

"Umejuaje?"

"Nimesoma," alisema Fundi. "Mpaka mwisho."

Mkewe akanyoosha mkono, akachukua mkoba wake. Ulikuwa mwepesi kuliko birika la maji.